Kibao na Nafasi Yake: Historia ya Vipimo vya Namba za Magari Yaliyoingizwa Kutoka Nje, Chake Chake, Pemba

Utangulizi

Insha hii inachunguza jambo moja dogo katika historia ya usafiri wa Pemba, nalo ni ukubwa wa kibao cha namba ya gari, na namna kanuni za ukubwa huo zilivyokutana na magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine. Eneo la uchunguzi ni Chake Chake, mji ulio katikati ya kisiwa, ambako njia za Wete, Konde na Mkoani hukutana, na ambako kwa hiyo magari ya kisiwa kizima huonekana kwa siku moja. Kibao hutajwa mara chache katika maandishi ya historia. Barabara hutajwa, bandari hutajwa, karafuu hutajwa mno. Hata hivyo kibao ndicho kitu cha pekee ambacho dola imekipachika nje ya kila gari ili gari lisomwe na mtu asiyelijua, na kila kipimo chake kina sababu iliyowahi kujadiliwa mahali fulani.

Inadaiwa hapa kwamba kanuni za vipimo zilizaliwa Ulaya, katika nchi zilizounda magari yao zenyewe, ambamo gari lililotoka nje lilikuwa jambo la pembeni linalostahiki msamaha maalumu. Zanzibar haijapata kuunda gari. Kila gari lililopita Chake Chake tangu la kwanza limeingizwa kwa jahazi au meli. Kwa hiyo kile ambacho sheria za Ulaya hukiita hali ya pekee, Pemba ndiyo hali ya kila siku, na namna dola zilizopita kisiwani zilivyolishughulikia jambo hilo inaeleza mengi juu ya nani alikusudiwa kukisoma kibao.

Asili ya kipimo

Desturi ya kulipa gari namba ilianza Paris. Amri ya polisi ya mji huo ya tarehe 14 Agosti 1893 ilitaka kila gari la injini liwe na bamba la chuma lenye jina la mwenyewe, makazi yake na namba aliyopewa. Uingereza ilifuata kwa Sheria ya Magari ya mwaka 1903, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1904. Matajiri wenye magari walilalamika kwamba wanavalishwa namba kama wafungwa, lakini Bunge lilikuwa na hoja nzito zaidi: gari lilikwenda mbio kuliko farasi, likaweza kumgonga mtu na kutoweka kabla hajapatikana shahidi wa kumtambua dereva. Namba iliwekwa ili ibaki katika macho ya aliyegongwa.

Ndiyo maana amri iliyofuata sheria hiyo haikuishia kusema kwamba namba iwepo. Ilipima. Kila herufi na tarakimu iwe na kimo cha inchi tatu na nusu, sawa na milimita 89 hivi. Upana wake inchi mbili na nusu, isipokuwa tarakimu ya 1. Unene wa mstari wake inchi tano za nane, yaani milimita 16. Na rangi iwe nyeupe juu ya weusi. Vipimo hivi havikutokana na gari lenyewe. Vilitokana na jicho la mtu aliyesimama kando ya barabara. Gari la mwaka 1903 lilikuwa na mgongo wima na nafasi tele, hivyo hapakuwa na aliyejiuliza kama kibao kingeenea. Swali la kuenea ni swali la baadaye, na ndilo linalotawala sehemu kubwa ya insha hii.

Kipimo kufika visiwani

Zanzibar ilikuwa nchi lindwa ya Uingereza tangu mwaka 1890. Mwaka 1913 usimamizi wake ulihamishwa kutoka Wizara ya Mambo ya Nje ya London kwenda Wizara ya Makoloni, na tangu hapo mwakilishi mkuu wa Uingereza akaitwa Balozi Mkaazi. Sheria zilitolewa kwa jina la Sultani na kuitwa dikrii. Kwa mambo mapya yasiyo na mapokeo ya wenyeji wala ya Kiislamu, kama umeme, simu na gari, waandishi wa dikrii walichukua maneno ya sheria za Kiingereza na kuyapunguza urefu. Magari yenyewe yalitoka Uingereza na Marekani, yakiwa na mgongo wima uleule, kwa hiyo kipimo kilichohamishwa hakikukwaruzana na bati lililokipokea.

Kwa Pemba mambo yalikuwa na sura yake. Unguja ilipata reli ya Bububu mwaka 1905. Pemba haikupata reli wakati wowote. Kisiwa hiki, ambacho kilitoa sehemu kubwa zaidi ya karafuu za Zanzibar, kina vilima na mabonde yaliyofuatana, na hori za bahari zinazoingia ndani. Kwa muda mrefu mizigo ilibebwa kichwani na kwa punda hadi kwenye hori, kisha ikapakiwa mashuani. Chake Chake yenyewe iko juu ya hori ya namna hiyo, na ngome yake ya kale inatazama maji. Gari lilipokuja lilikuta nchi ambayo njia zake zilijengwa kwa miguu. Magari yalikuwa machache, na wenyewe walijulikana. Katika mji ambao watu walilitambua gari la bwana shamba kwa mlio wake kabla halijapinda kona, kibao cha inchi tatu na nusu kilikuwa na kazi ndogo ya kumtambulisha mtu. Kazi yake ilikuwa ya daftari: ilimwezesha karani kujua kama ada ya mwaka imelipwa.

Kuna jambo jingine ambalo vipimo havikuligusa. Kusomeka, kwa mujibu wa sheria ya Kiingereza, kulimaanisha ukubwa na rangi. Hati hazikutajwa kwa sababu Uingereza ilikuwa na hati moja. Zanzibar ilikuwa na mbili. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 Wapemba wengi waliojua kusoma walisoma kwa hati ya Kiarabu, waliyofundishwa chuoni. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa hati hiyo katika barua, mikataba na tenzi. Hati ya Kilatini ilikuwa ya skuli za serikali na ya ofisi. Kibao kilipowekwa herufi za Kilatini na tarakimu za Kizungu peke yake, kiliweza kuonekana wazi kwa umbali wa hatua thelathini na bado kikawa bubu kwa msomi wa Qur'ani aliyesimama barazani. Nchi nyingine zilichagua njia nyingine: vibao vya Oman, ambavyo Wapemba walio Maskati huviona kila siku, hubeba maandishi ya Kiarabu na ya Kilatini pamoja. Uchaguzi wa Zanzibar ulikuwa wa kimya, lakini ulikuwa uchaguzi, na unaonesha kwamba msomaji aliyekusudiwa alikuwa mtumishi wa serikali kuliko mpita njia.

Mkataba wa Kimataifa wa Usafiri wa Barabarani uliotiwa saini Geneva mwaka 1949 ulikuja kuufanya uchaguzi huo kuwa sharti kwa gari linalovuka mpaka. Kiambatisho chake cha tatu kilitaka namba ya usajili iandikwe kwa tarakimu za kawaida za Umoja wa Mataifa na herufi za Kilatini, na isomeke mchana kwa umbali wa mita 20 usiopungua. Inafaa kuangalia tofauti ya mbinu. Amri ya Kiingereza ya 1903 ilipima herufi. Mkataba wa 1949 ulipima umbali wa jicho na kuziachia nchi zijitafutie herufi. Kwa alama ya nchi, hata hivyo, mkataba ulirudi kwenye rula: duaradufu nyeupe yenye herufi nyeusi, kila herufi kimo cha milimita 80 au zaidi na mstari wa milimita 10. Katika orodha ya alama hizo Kenya ilipewa EAK, Uganda EAU, Tanganyika EAT na Zanzibar EAZ. Visiwa viwili vyenye magari machache vikapata alama yao katika sheria ya dunia, sawasawa na nchi kubwa zilizovizunguka, na alama hiyo haikufutwa Muungano ulipokuja.

Baada ya 1964

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalibadilisha mmiliki wa mashamba, na baada ya muda yakabadilisha pia mwenye uwezo wa kuagiza gari. Biashara ya nje ilishikwa na serikali. Fedha za kigeni zilikuwa adimu. Karafuu zilinunuliwa na shirika la serikali peke yake. Katika hali hiyo sheria ya vibao haikuwa na kazi mpya. Magari yaliyokuwepo yalitengenezwa na kutengenezwa tena, na mabasi ya mbao yaliyojengwa juu ya malori madogo, yale ambayo watu wa Zanzibar waliyaita chai maharage, hayakuwa na nafasi yoyote ya kibao iliyobuniwa na kiwanda. Kibao kilipigiliwa mahali palipopatikana. Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo: daladala za Chake Chake hadi leo huandikwa namba ya njia, 603 ya Mkoani, 606 ya Wete, 602 ya Konde, kwa tarakimu kubwa kuliko za usajili, na ni namba hiyo abiria anayoisoma. Ya usajili ni ya askari.

Jambo kubwa la kipindi hiki lilikuwa la kikatiba. Hati za Muungano za Aprili 1964 zilitaja mambo kumi na moja yatakayokuwa ya pamoja baina ya Tanganyika na Zanzibar. Polisi walikuwemo. Ushuru wa forodha ulikuwemo. Usafiri wa barabarani haukuwemo, na haukuingizwa hata orodha ilipokua kufikia mambo 22. Matokeo yake yanaonekana kwa macho katika barabara yoyote ya Chake Chake. Ushuru wa gari linapoingia hutozwa chini ya sheria ya Muungano, na tangu mwaka 1996 mkusanyaji wake ni Mamlaka ya Mapato Tanzania. Namba hutolewa kwa sheria ya Zanzibar, ambayo kwa sasa msingi wake ni Sheria ya Usafiri Barabarani Nam. 7 ya 2003 iliyopitishwa na Baraza la Wawakilishi. Usajili na ada zake ziko kwa chombo cha mapato cha Zanzibar, kilichoanzishwa kama Bodi mwaka 1996 na kugeuzwa Mamlaka mwaka 2022. Na askari anayelisimamisha gari hilo kukagua kama kibao kinasomeka ni wa Jeshi la Polisi la Muungano, ambalo upande wa pili wa bahari husimamia sheria nyingine kabisa, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Kipande kimoja cha bati kimesimama juu ya mamlaka mbili, na kila moja inakisoma kwa haja yake.

Gari la Kijapani na hesabu ya milimita

Bei ya karafuu katika soko la dunia ilianguka katika miaka ya 1980, Indonesia ilipoanza kujitosheleza kwa mazao yake, na hakuna mahali palipoumia kuliko Pemba. Katika miaka hiyohiyo milango ya biashara ilifunguliwa. Wafanyabiashara, na Wapemba waliokuwa wameshahamia Oman na Falme za Kiarabu, walianza kuleta bidhaa, na miongoni mwa bidhaa hizo magari yaliyotumika. Chanzo kilikuwa Japani, ama moja kwa moja ama kupitia Dubai, ambako mwaka 2000 lilianzishwa eneo huru la biashara ya magari la Ras Al Khor. Sababu ya Japani ilikuwa nyepesi: usukani wake uko kulia kama wa Zanzibar, na taratibu za ukaguzi wa nchi hiyo huwafanya wenye magari kuyauza mapema.

Gari linapoondoka Japani halina kibao. Sheria ya huko inataka kibao kirudishwe ofisini gari linapofutwa katika daftari ili lisafirishwe. Hata boliti ya nyuma ilikuwa imefungwa kwa muhuri wa chuma usioondolewa bila kuharibika. Kinachobaki ni nafasi tupu: mstatili uliobonyezwa ndani ya mlango wa buti au ndani ya bampa, matundu mawili ya boliti, na taa ndogo juu yake. Mstatili huo umekatwa kwa kipimo cha kibao cha Kijapani cha magari ya kawaida, milimita 330 kwa 165. Kibao cha Ulaya ni kirefu na chembamba, milimita 520 kwa 110. Cha Marekani kinakaribia cha Kijapani, inchi 12 kwa 6, ambazo ni milimita 305 kwa 152.

Tofauti hizi si za mapambo. Ili uzito wake uonekane inafaa kufanya hesabu. Alama ya Zanzibar ya sasa ina herufi Z, tarakimu tatu na herufi mbili: jumla sita. Kwa kipimo cha Kiingereza cha 1903, upana wa alama sita peke yake, bila nafasi baina yake, ni inchi 15, sawa na milimita 381. Zimekwisha kuuzidi mstatili wa Kijapani kabla ya kuwekwa nafasi wala ukingo. Kwa kipimo kinachotumika Uingereza leo, kimo milimita 79 na upana 50, alama sita huchukua milimita 300. Nafasi za kisheria baina ya alama na baina ya mafungu, pamoja na kingo, huongeza milimita 121, na jumla ni 421. Bado haikuenea. Ikipangwa mistari miwili, Z na tarakimu juu, herufi mbili chini, upana unatosha, lakini mistari miwili ya 79 ni milimita 158, na katika kimo cha 165 zinabaki saba tu za kugawanywa juu, kati na chini. Alama za namna hiyo hugusana, na zikigusana hazisomeki.

Uingereza yenyewe ilikumbana na jambo hili kwa magari ya Kijapani na ya Kimarekani yaliyoingizwa na watu binafsi. Kanuni za mwaka 2001 za kuonesha alama za usajili, baada ya kurekebishwa, ziliruhusu herufi ndogo zaidi, kimo milimita 64, upana 44 na mstari 10, kwa sharti kwamba gari liwe limeingizwa kutoka nje, lisiwe na idhini ya aina ya Ulaya, na umbo lake lisiweze kupokea kibao cha kawaida. Mistari miwili ya 64 ni 128. Katika 165 zinabaki 37. Kibao kinaenea. Msamaha huo umeandikwa kwa wivu mkubwa: mwenye gari la Ulaya akitumia herufi hizo kwa kupenda umbo lake ana kosa. Katika nchi yenye viwanda vya magari, gari la nje linatakiwa lithibitishe ugeni wake ndipo lisamehewe.

Msamaha wa namna hiyo haufikiriki Chake Chake, kwa kuwa ungemhusu kila mtu. Kanuni inayowasamehe wote imekwisha kuwa kanuni. Kwa hiyo suluhisho la visiwani limefuata mkondo wa vitendo: kibao kirefu mbele, ambako bampa lina nafasi, na kibao kifupi cha mistari miwili nyuma pale penye mstatili. Utaratibu huu wa maumbo mawili umeenea Afrika Mashariki, na Kenya ilipozindua vibao vyake vipya mwaka 2022 nayo ilizingatia umbo refu na umbo la mraba. Ni busara ya mafundi iliyopanda hadi ofisini, na huenda ndiyo sehemu ya historia hii ambayo watawala hawakuileta kutoka popote.

Lakini busara hiyo haizuii kila kosa. Pale kibao kirefu kinapofungwa nyuma ya gari lililokatiwa mstatili mfupi, kuna njia tatu tu, na zote zina kasoro. Ya kwanza ni kukikunja kingo, na kingo ndizo zenye Z na herufi ya mwisho. Ya pili ni kukifunga juu ya mstatili kikaelea, kikaziba kitasa cha buti na kutikisika hadi skrubu zilegee. Ya tatu ni kukishusha chini ya bampa, na hapo taa ya kiwanda huangaza shimo tupu huku namba ikibaki gizani. Kasoro hii ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu haionekani mchana. Askari anayekagua saa nne asubuhi karibu na soko la Chake Chake huona kibao safi. Mtu aliyegongwa saa tatu usiku katika kona za barabara ya zamani ya Wete, ambako migomba na mikarafuu husogea mpaka ukingoni, haoni kitu. Kipimo cha Geneva cha mita 20 kilitaja mchana. Aliyegongwa hukutana na gari usiku, nalo linakwenda.

Masika huongeza lake. Mvua za Machi hadi Mei huwarushia magari tope kutoka njia za mashamba, na sehemu inayopokea tope nyingi zaidi ni ile iliyo chini ya bampa. Kibao kilichowekwa ndani ya mstatili wake kimekingwa na mdomo wa buti. Kilichoshushwa hakina kinga. Kwa maneno mengine, kipimo kibaya huhamisha kibao, na kuhamishwa kwa kibao hukiondolea taa na kukiongezea tope. Sheria inayotaja usomekaji pasi na kutaja mahali pa kibao imeshika nusu ya jambo.

Kusomwa ng'ambo

Mpaka hapa kibao kimechunguzwa kama kitu kinachotakiwa kusomeka. Kwa mwenye gari wa Chake Chake kuna hali ambamo kusomeka kwake ndiko kunakoleta taabu. Herufi Z, ikiwa kubwa na wazi kama sheria inavyotaka, hulitambulisha gari mara linaposhuka bandarini Dar es Salaam. Magari ya Tanzania Bara huanza na T. Gari la Z haliwezi kukaa Bara kama la T. Huhitaji kibali cha muda, na mwenyewe akitaka libaki hutakiwa kulisajili upya baada ya kulipa tofauti ya kodi inayohesabiwa kuwa haikulipwa Zanzibar. Mkenya aliyeingia Tanga na gari lake kupitia Horohoro naye hupewa kibali cha muda. Mpemba hutendewa kwa mfano huohuo ndani ya Jamhuri yake.

Hoja ya upande wa mapato ina uzito wake na haifai kudharauliwa. Ushuru wa forodha ni jambo la Muungano, lakini uthaminishaji wa bidhaa zilizopitia Zanzibar umekuwa ukitofautiana na wa Bara kwa miaka mingi, na kama gari lililothaminiwa kwa bei ndogo Malindi lingeruhusiwa kubaki Dar es Salaam bila kuulizwa, waagizaji wa Bara wangehamia Zanzibar wote kwa mwaka mmoja. Hoja ya upande wa pili nayo ni nyepesi kueleweka: mkusanyaji wa ushuru huo Zanzibar na Bara ni mamlaka ileile, na mtu aliyekwisha kulipa kwa mamlaka hiyo haoni sababu ya kulipa tena kwa kuvuka maji ya nchi yake. Usajili wa vyombo vya moto umekuwa miongoni mwa hoja za Muungano zinazojadiliwa na serikali mbili chini ya uratibu wa Ofisi ya Makamu wa Rais, na umebaki katika orodha hata baada ya hoja nyingi nyingine kutangazwa kuwa zimekwisha.

Kwa Pemba suala hili ni zito kuliko kwa Unguja. Mpemba anayefanya biashara ya nazi, samaki au nguo ana jamaa Tanga, Dar es Salaam na hata mikoa ya ndani zaidi, kwani uhamaji wa Wapemba kwenda Bara ulikua wakati bei ya karafuu ilipoporomoka. Gari lake lina njia fupi kisiwani. Kutoka Chake Chake hadi Wete hakufiki kilomita 30. Thamani yake iko katika uwezo wa kuvuka nalo, na tangu meli za kubeba magari zilipoanza kwenda Pemba uwezo huo upo kwa upande wa usafiri. Kinachouzuia ni herufi moja. Mtu anaweza kununua gari Dubai, kulilipia ushuru, kulifunga kibao kilichoenea vizuri katika mstatili wake, chenye taa na kinachosomeka kwa mita 20 na zaidi, kisha akaliacha limeegeshwa Mkoani na kupanda meli kwa miguu.

Alama za Geneva zilitangulia kulionesha jambo hili. Katika orodha ya Umoja wa Mataifa, Tanzania ni nchi moja yenye alama mbili za magari yanayovuka mipaka, EAT na EAZ, kila herufi ikiwa na kimo cha milimita 80. Magari ya Chake Chake yanayobeba duaradufu hiyo ni machache mno, kwa kuwa kisiwa hakina mpaka wa nchi kavu. Z ya kibao imeichukua kazi yake, na mpaka inaoutangaza uko baina ya Mkoani na Dar es Salaam.